Jalada lililopakwa tipeksi: kwa nini Uingereza imeunda tume nyingine kuhusu magenge ya kunajisi watoto

Baronesi Louise Casey, mkaguzi aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alikuwa akipekua kumbukumbu za zamani, majalada ya watoto wa Kiingereza walionajisiwa na makundi ya wanaume, alipokuta neno moja limepakwa tipeksi. Chini ya ule weupe liliandikwa "Pakistani". Kuna mtumishi wa umma aliyeona ni bora asili ya watuhumiwa isisomeke, akaifuta kama mwanafunzi anavyofuta kosa la hesabu, na jalada likarudi kabatini. Casey alikisimulia kisa hicho hadharani mwaka 2025, akaongeza kwamba aliyefanya vile pengine alidhani anazuia ubaguzi, kumbe aliwapa wabaguzi silaha.

Kwetu habari hii imekuwa ikifika vipande vipande. Leo Elon Musk anamshambulia waziri wa Uingereza mtandaoni, kesho video ya WhatsApp inadai Waislamu wote wa nchi ile ni magenge, keshokutwa tunasikia watu waliotarajiwa kuiongoza tume wamejitoa hata kabla ya kuteuliwa. Anayeikuta katikati haelewi nani anamshutumu nani. Na swali la haki analobaki nalo ni moja: ikiwa ripoti zipo chungu nzima tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita, tume nyingine ya nini?

Tuanze na kitendo chenyewe. Msichana wa miaka 12 au 13, mara nyingi anayeishi kwenye makao ya watoto au kwenye nyumba yenye misukosuko, anazoeana na kijana aliyemzidi umri kidogo. Anapewa simu, sigara, chipsi za bure kwenye kibanda cha chakula, anazungushwa kwa gari. Anaamini amepata mchumba. Baada ya wiki kadhaa huyo "mchumba" anamleta rafiki yake, halafu rafiki wa rafiki, wanaume wa miaka 30 na 40, na msichana anaambiwa zile zawadi zilikuwa deni. Akikataa anatishiwa. Ripoti ya Rotherham ilieleza watoto waliomwagiwa petroli wakitishiwa kuchomwa moto, na wengine waliooneshwa bunduki. Wengine walisafirishwa mji hadi mji kama mzigo. Waingereza wanaita "grooming"; kwa Kiswahili neno "kurubuni" ndilo linalokaribia zaidi, ingawa kwa ukatili ule linasikika laini mno.

Rotherham ni mji wa South Yorkshire, uliokuwa wa makaa ya mawe na chuma. Agosti 2014 Profesa Alexis Jay, aliyepewa kazi na halmashauri ya mji huo, alitoa ripoti akikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyonywa kingono pale kati ya 1997 na 2013. Alisema hiyo ni hesabu ya chini. Lililowashtua Waingereza kuliko idadi ni kwamba wakubwa walikuwa wameambiwa. Kulikuwa na taarifa rasmi mezani kwao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kulikuwa na wafanyakazi wa vijana waliokuwa wakipiga kelele. Kulikuwa hata na akina baba wawili waliowafuata mabinti zao kwenye nyumba walikokuwa wakinajisiwa. Polisi walipofika, waliokamatwa ni wale baba.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Mimi niliisoma mara tatu nilipokutana nayo.

Rochdale, karibu na Manchester, msichana alikamatwa mwaka 2008 baada ya kufanya fujo kwenye duka la chakula, akawaeleza polisi anachofanyiwa na wanaume wa pale. Waendesha mashtaka waliamua mwaka uliofuata kutopeleka kesi mahakamani kwa sababu, kwa maoni yao, asingeaminika mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Uamuzi huo ulitenguliwa mwaka 2011 na mwendesha mashtaka mkuu mpya wa kanda ya kaskazini magharibi, Nazir Afzal, na mwaka 2012 wanaume tisa wakatiwa hatiani. Afzal mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji kutoka Pakistan, jambo ambalo wale wanaosambaza video za WhatsApp hawalitaji. Wakati huohuo Sara Rowbotham, mfanyakazi wa afya aliyewahudumia mabinti wa Rochdale, alikuwa ameshapeleka taarifa zaidi ya mia moja kwa polisi na ustawi wa jamii kwa miaka kadhaa. Derby, Oxford, Newcastle, Huddersfield: kila mji una kesi yake. Telford, uchunguzi ulioongozwa na wakili Tom Crowther ulihitimisha mwaka 2022 kwamba zaidi ya watoto elfu moja waliumizwa katika miongo kadhaa.

Kwa hiyo ripoti zipo. Utata unaanza pale tunapodhani ripoti zote ni kitu kimoja.

Kwa Kiswahili neno "tume" linabeba kila kitu, kuanzia kamati ya mkuu wa wilaya hadi tume ya rais, na masikio yetu yameshazoea tume ambayo ripoti yake inakabidhiwa mbele ya kamera kisha haionekani tena. Uingereza nako kuna ngazi. Ripoti ya Jay ya Rotherham na ile ya Telford ziliagizwa na halmashauri zenyewe, tena bila nguvu ya kumlazimisha mtu yeyote. Mchunguzi anaandika barua ya kuomba nyaraka. Polisi wakitaka wanatoa, wasipotaka wanachelewesha. Ofisa aliyestaafu akikataa kuhojiwa, basi. Huko Greater Manchester meya Andy Burnham aliagiza mfululizo wa mapitio, yakatoka ya Manchester mwaka 2020, Oldham 2022 na Rochdale 2024, lakini wachunguzi wawili waliokuwa wakiifanya kazi hiyo, Malcolm Newsam na Gary Ridgway, walijiondoa mwaka 2024 kabla ya sehemu ya mwisho kukamilika, wakieleza kwamba polisi walikuwa wakiwabania taarifa.

Ngazi ya juu ni tume inayoundwa chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi ya mwaka 2005. Hii ina meno. Mwenyekiti anaweza kumwita shahidi kwa hati ya wito, akamwapisha, akadai nyaraka, na anayekaidi anatenda kosa la jinai. Ilikuwepo moja ya aina hiyo, na hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu na yenyewe iliongozwa na Alexis Jay yuleyule.

Tume hiyo ilitangazwa Julai 2014 na Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, baada ya kashfa ya Jimmy Savile, mtangazaji maarufu wa televisheni aliyegundulika baada ya kufa kwamba alinyanyasa watoto wengi. Mwanzo wake ulikuwa kama basi linalobadilisha dereva kila kituo. Mwenyekiti wa kwanza alijiuzulu ndani ya wiki, wa pili akaondoka baada ya kama miezi miwili, wa tatu, jaji kutoka New Zealand, akaachia ngazi mwaka 2016. Jay akashika usukani, na ripoti ya mwisho ikatoka Oktoba 2022 ikiwa na mapendekezo 20. Gharama ilifika takriban paundi milioni 186. Ilichunguza Kanisa Katoliki, Kanisa la Anglikana, wanasiasa wa Westminster (bungeni), shule za bweni, watoto waliopelekwa Australia, intaneti. Manusura zaidi ya 6,000 walisimulia waliyotendewa.

Na magenge? Yaliguswa katika sehemu moja tu kati ya chunguzi 15. Isitoshe, kwa sehemu hiyo tume ilichagua maeneo sita, yakiwemo Durham, Swansea na Bristol, na kwa makusudi ikaziacha Rotherham, Rochdale na Oxford kwa hoja kwamba zimeshachunguzwa. Hoja ina mantiki ukiwa ofisini. Ukiwa mama wa Rotherham unasikia hivi: wenye meno hawakuja kwetu, na waliokuja kwetu hawakuwa na meno. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali la "tena ya nini", na mengine yote yaliyofuata yamejengwa juu yake.

Januari 2025 jambo likalipuka upya. Halmashauri ya Oldham ilikuwa imeomba serikali kuu iunde tume ya kuchunguza mji huo. Waziri Jess Phillips akakataa, akisema uchunguzi wa mji uongozwe na mji wenyewe. Barua yake ilipofika mikononi mwa vyombo vya habari, Elon Musk aliingilia kutoka Marekani kwa maneno makali dhidi yake na dhidi ya Waziri Mkuu Keir Starmer, aliyekuwa mkurugenzi wa mashtaka kati ya 2008 na 2013. Wahafidhina wakadai tume ya kitaifa, ingawa mapendekezo ya Jay yalikuwa yamelala mezani kwao walipokuwa madarakani. Jay mwenyewe alisema wazi kwamba hataki tume nyingine, anataka yale mapendekezo 20 yatekelezwe. Serikali ikatoa ahadi ya uchunguzi wa kimaeneo katika sehemu tano na ikamwomba Casey, ambaye mwaka 2015 ndiye aliyeikagua halmashauri ya Rotherham na kuikuta haifai, afanye ukaguzi wa haraka wa kitaifa.

Ripoti ya Casey ilitoka Juni 2025, na siku mbili kabla Starmer alikuwa amegeuza msimamo na kukubali tume ya kitaifa. Ndani yake mna mambo matatu ambayo bila kuyaelewa mjadala huu unabaki kelele tu.

La kwanza ni hesabu. Inakadiriwa watoto nusu milioni hunyanyaswa kingono England na Wales kila mwaka. Polisi huandika makosa zaidi kidogo ya 100,000. Lakini yale yaliyoandikwa rasmi kuwa ni unyonyaji wa kingono wa makundi kwa mwaka 2023 yalikuwa kama 700 tu, nchi nzima. Ukilinganisha na mji mmoja wenye makadirio ya watoto 1,400 kwa miaka 16, unaona kwamba vitabu vya polisi havikuwa vimelipa tatizo hili jina wala safu yake ya kuandikwa.

La pili ni asili ya wahalifu. Kwa theluthi mbili ya watuhumiwa wa makosa haya, asili haikuandikwa kabisa. Kwa hiyo Casey alisema takwimu za kitaifa haziwezi kuthibitisha lolote, si kwamba magenge ni ya Wapakistani, wala si ile kauli ya wizara ya mwaka 2020 iliyokuwa ikinukuliwa kila mara kwamba wengi wao huenda ni Wazungu. Hapohapo, katika maeneo matatu ya polisi yaliyokuwa na kumbukumbu za kutosha, yaani Greater Manchester, South Yorkshire na West Yorkshire, alikuta wanaume wenye asili ya Asia wamejitokeza kwa wingi usiolingana na idadi yao katika jamii, na akasema viongozi walilikwepa jambo hilo wakiogopa kuitwa wabaguzi.

Neno "Waasia" nalo linahitaji tahadhari. Waingereza wakilitumia hawamaanishi Wachina au Wajapani. Ni kama mtu wa Mombasa au Dar anavyosema "Wahindi" akiwa amewatia kapu moja watu wa asili ya India, Pakistan na Bangladesh, Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Masingasinga na Wahindu wa Uingereza wamelalamika tangu zamani kwamba neno hilo linawabebesha mzigo usio wao. Nami naona lilikuwa tipeksi ya aina nyingine, maana neno pana hufuta mengi bila kuacha weupe. Na waliopotea kabisa kwenye maelezo ni wasichana wa jamii hizohizo za Kiasia, ambao Jay alionya kwamba nao walinyanyaswa lakini aibu na hofu ya heshima ya familia iliwaziba mdomo.

La tatu ni sheria, na hili msomaji wa Afrika Mashariki linaweza kumshangaza. Kenya, anayefanya ngono na mtoto aliye chini ya miaka 18 hushtakiwa kwa unajisi, hakuna mjadala wa ridhaa. Tanzania, tangu sheria ya 1998, ni ubakaji hata kama msichana "alikubali", ukiacha lile suala la ndoa ambalo lina ubishi wake. England, kwa sheria ya mwaka 2003, ni ubakaji wa moja kwa moja kama mtoto hajafikisha 13. Kati ya 13 na 15 upo mlango wa kushtaki kwa kosa dogo zaidi, na Casey alikuta kesi nyingi zilipitia mlango huo au zilifutwa kwa sababu mtoto alionekana "anampenda" mtuhumiwa. Alipendekeza mlango ufungwe. Alitaka pia hukumu walizopewa watoto wenyewe zifutwe, kwa kuwa wapo waliotiwa hatiani kwa "ukahaba wa watoto", maneno yaliyobaki kwenye sheria za nchi ile hadi mwaka 2015. Hebu fikiria mwanamke wa miaka 40 anayenyimwa kazi ya shule leo kwa kosa la jinai la kunajisiwa akiwa na miaka 14.

Palikuwa na mengine, kama tundu la leseni za teksi. Kila halmashauri hutoa leseni zake, na dereva aliyekataliwa na mji wenye masharti makali anaweza kuchukua leseni mji mwingine kisha akarudi kufanya kazi palepale alipokataliwa. Magari ya teksi yanajitokeza katika kesi hizi mara nyingi mno kwa hilo kuwa jambo dogo. Serikali iliyakubali mapendekezo yote 12.

Halafu ukaja mtihani wa mwenyekiti. Manusura walioalikwa kwenye jopo la ushauri walipoona majina mawili yaliyobaki, Annie Hudson aliyetoka ustawi wa jamii na Jim Gamble aliyekuwa ofisa wa polisi, walihisi wamepewa kesi ya nyani, hakimu ngedere. Taasisi mbili zilizowageuzia mgongo ndizo zilizokuwa zinatoa msimamizi. Oktoba 2025 baadhi yao walijitoa, wakidai pia kwamba kuna jitihada za kupanua hadidu za rejea hadi magenge yapotee ndani ya unyanyasaji wa watoto kwa jumla, na wakataka Phillips ajiuzulu. Wengine watano wakaandika kwamba watabaki endapo tu Phillips atabaki. Hudson na Gamble wakajitoa wote wawili.

Magazeti yalilichukulia hilo kama fujo. Sikubaliani. Watu walionyanyaswa si chama chenye katibu mkuu na msimamo mmoja. Aliyenyonywa na genge la Rotherham anaogopa tume pana kwa sababu anaijua ile ya kwanza ilivyopanuka ikampita. Aliyenyonywa na kundi la Wazungu, au na watu ambao hawaingii kwenye picha ya magazeti, anaogopa tume nyembamba kwa sababu itamwacha nje mara ya pili. Hofu zote mbili ni za kweli na haziwezi kuridhishwa na hadidu moja.

Desemba 9, 2025, Waziri wa Mambo ya Ndani Shabana Mahmood, mwenyewe mzaliwa wa Birmingham mwenye wazazi wa asili ya Pakistan, alimtangaza Baronesi Anne Longfield kuwa mwenyekiti. Longfield alikuwa kamishna wa watoto wa England kati ya 2015 na 2021. Ameambatana na Zoë Billingham, aliyewahi kuwa mkaguzi wa polisi, na Eleanor Kelly, aliyekuwa mtendaji mkuu wa halmashauri ya Southwark, London. Wamepewa miaka mitatu na paundi milioni 65, ukomo uliowekwa wazi baada ya funzo la ile milioni 186. Watafanya chunguzi za mji kwa mji, Oldham ikiwemo, na hadidu zinataja kwa jina asili, dini na utamaduni wa wahalifu kuwa sehemu ya kazi yao.

Jambo moja ambalo tume hii haitafanya ni kumfunga mtu. Sheria ya 2005 inaikataza kutamka nani ana hatia ya jinai au nani alipe fidia. Wabakaji ni kazi ya polisi, na sambamba na tume Shirika la Taifa la Kupambana na Uhalifu linaongoza operesheni ya kufungua upya mamia ya kesi zilizofungwa bila mashtaka. Rotherham pekee, operesheni yake iliyoanza mwishoni mwa 2014 ilikuwa bado inawapeleka watu gerezani zaidi ya miaka kumi baadaye. Wanaotakiwa kuiogopa tume ni wengine: diwani aliyeambiwa akanyamaza, mkuu wa kituo aliyeandika kwamba msichana wa miaka 13 "amechagua maisha yake", meneja wa ustawi wa jamii aliyefunga jalada ili takwimu zake zipendeze. Hao hawakuwahi kulazimishwa kuketi mbele ya wakili, wameapa, na barua zao wenyewe zimewekwa juu ya meza.

Barua zenyewe, kama bado zipo. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo kinasema anayeficha, kubadilisha au kuharibu nyaraka inayohusika wakati tume inaendelea ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi paundi 1,000, au kifungo kisichofika mwaka, au vyote viwili. Yule wa tipeksi kifungu hicho hakimgusi, kwa kuwa siku aliyofungua kichupa chake hapakuwa na tume.